Raia wa Marekani aliyezaliwa nje akipoteza cheti cha kuzaliwa au cha uraia

Raia wa Marekani aliyezaliwa Arusha, Frankfurt au Seoul akisema amepoteza "cheti cha kuzaliwa", swali la kwanza ni: kipi? Huenda ana hati tatu tofauti, kila moja na ofisi yake, na hakuna ofisi inayotoa nakala kwa niaba ya nyingine. Maombi mengi hukwama hapo, kwa kupelekwa pasipohusika.

Ya kwanza ni cheti cha nchi alikozaliwa. Kinaonyesha tarehe, mahali na wazazi, lakini hakisemi kama ni Mmarekani. Nakala huombwa kwa msajili wa vizazi wa nchi hiyo (kwa Tanzania Bara ni RITA) au kwa kuuliza ubalozi wake. Kikiwa si cha Kiingereza na kinapelekwa USCIS, yaani idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, kiambatanishwe na tafsiri kamili, mihuri na maandishi ya pembeni yakiwemo, pamoja na saini ya mfasiri akithibitisha kuwa tafsiri ni sahihi na lugha anaimudu. Aliyezaliwa kwenye kambi ya jeshi la Marekani ng'ambo naye yumo katika kundi hili: kambi haihesabiwi kuwa ardhi ya Marekani katika suala la uraia, na karatasi ya hospitali ya jeshi pekee haitoshi.

Ya pili ndiyo inayowachanganya watu: FS-240, taarifa ya kibalozi ya kuzaliwa nje. Hutolewa na ubalozi au konsulati ya Marekani kwa mtoto aliyekuwa raia tangu kuzaliwa kupitia mzazi wake, mradi iombwe kabla hajafikisha miaka 18. Wenyewe huiita cheti cha kuzaliwa, lakini kisheria ni ushahidi wa uraia. Ndugu zake wa zamani, FS-545 na DS-1350, bado ni halali ingawa hazitolewi tena. DS-1350 ilikoma mwisho wa 2010.

Ikipotea, usirudi kwenye ubalozi ulioitoa. Rekodi ziko Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kitengo cha kumbukumbu za pasipoti. Jaza fomu DS-5542, ambatanisha nakala ya kitambulisho chenye picha ambacho hakijaisha muda, pande zote mbili, na dola 50 kwa kila nakala, kwa hundi au hawala inayoandikwa kwa jina la wizara. Saini ndiyo inayorudisha bahasha nyingi: fomu isainiwe mbele ya notari (afisa anayeruhusiwa kuthibitisha saini), si nyumbani kisha kupelekewa notari agonge muhuri. Jina nalo liandikwe kama lilivyo kwenye rekodi ya zamani. Kama limebadilika kwa ndoa au kwa amri ya mahakama, weka hati inayoonyesha mabadiliko hayo, la sivyo mtafutaji wa rekodi atakuwa anamtafuta mtu asiyekuwepo.

Ya tatu ni Cheti cha Uraia cha USCIS. Mara nyingi hushikwa na aliyepata uraia baada ya kuzaliwa, mathalani mtoto wa kuasiliwa, au aliyeingia na ukazi wa kudumu kisha mzazi akawa raia. Kilichopotea hubadilishwa kwa fomu N-565. Kama kiliibwa, weka ripoti ya polisi. Kama kimechanika, rudisha mabaki yake.

Hapa kuna mtego. Chini ya sheria iliyoanza kutumika Februari 27, 2001, watoto wengi hupata uraia wenyewe bila kuomba, sharti zikitimia kabla ya miaka 18. Wengine wanakua wakiamini walikuwa na cheti kikapotea, kumbe hakikutolewa kamwe. N-565 haimsaidii mtu huyo, kwa sababu hakuna cha kubadilisha. Inayomfaa ni N-600, fomu ya kuomba cheti kwa mara ya kwanza, ambayo ada yake ni zaidi ya mara mbili. Kabla ya kulipa, waulize wazazi kama waliwahi kukiona hicho cheti kwa macho.

Pasipoti ya Marekani ambayo muda wake haujaisha ni ushahidi kamili wa uraia, kwa hiyo aliye nayo mara nyingi hana haraka ya kuhangaikia hivyo vingine. Iliyopotea itaarifiwe kwa fomu DS-64, na ikishaarifiwa inafutwa; ukija kuiokota chini ya kiti cha gari, usisafiri nayo.

Na kama kila kitu kimeondoka na mkoba mmoja? DS-5542 inataka kitambulisho, na ofisi ya vitambulisho ya jimbo inataka ushahidi wa uraia. Kwa aliye Marekani, tundu la kupenyea ni pasipoti: omba ana kwa ana kwa DS-11, lipia ada ya ziada ya dola 150 wizara itafute rekodi yako ya FS-240 au ya pasipoti ya zamani, na uje na shahidi mwenye kitambulisho, anayekufahamu kwa angalau miaka miwili, ajaze DS-71 mbele ya karani. Pasipoti ikitoka, ndiyo inakuwa kitambulisho cha kuombea FS-240.