Je, wajua kwa nini mmea wa haidroponiki hunyauka huku mizizi yake imo majini?

Anayeanza kilimo cha haidroponiki, yaani kukuza mimea bila udongo kwa maji yenye mbolea, ndani ya nyumba huuliza kwanza: nimwagilie mara ngapi kwa siku? Hakuna idadi moja inayofaa kila chombo, kwa sababu ratiba ya maji hupangwa kwa kuangalia hewa inayoifikia mizizi.

Mizizi hupumua usiku na mchana. Oksijeni ndiyo inayoipa nguvu ya kufyonza madini, na ikikosekana mizizi hushindwa hata kunywa. Ndipo majani yanalegea taa zikiwaka, ilhali chungu kimelowa chepechepe. Anayedhani ni kiu akaongeza maji anaumaliza mmea. Lita moja ya hewa ina karibu miligramu 280 za oksijeni, lakini lita ya maji yenye nyuzijoto 20 hubeba miligramu 9 hivi tu. Maji yakifika nyuzi 30, jambo la kawaida chumbani Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, hubeba kama 7.5, na joto hilohilo huifanya mizizi ihitaji oksijeni zaidi. Hapo vimelea vya Pythium hupata mwanya: mizizi myeupe inageuka kahawia, inateleza, inanuka uozo, na ukiivuta ganda lake linachopoka na kuacha uzi mwembamba.

Sasa tazama chungu chenye vumbi la makumbi ya nazi. Unapomwagilia, maji yanajaza vitundu na kusukuma nje hewa iliyochoka. Yanaposhuka na kutoka chini, yanavuta hewa mpya nyuma yake. Kwa hiyo umwagiliaji mzuri huilisha mizizi na kubadilisha hewa yake kwa mpigo mmoja, mradi chungu kina matundu ya kutosha na hakikai ndani ya maji yaliyotoka. Sahani iliyojaa maji chini ya chungu ni kosa linaloua mimea mingi.

Kiasi cha maji utakijua kwa mizani ya jikoni. Chukua chungu cha lita 4 chenye mmea uliokwishajaza mizizi, mwagilia mpaka kilowe chote, kiache kichuruzike, kisha kipime. Uzito ukipungua gramu 150, mmea na mvuke vimeondoa mililita 150. Mpe 180: zile 150 zinarudi, na 30 zinatoka chini zikisafisha chumvichumvi ya mbolea. Nyanya kubwa inayotumia lita 1.2 kwa siku itahitaji mizunguko minane ya namna hiyo. Mche mchanga katika chungu hichohicho huenda ukatosheka na mara moja kwa siku au pungufu ya hapo, na ndio unaozamishwa mara nyingi na watu wenye haraka.

Mizunguko hiyo igawe ndani ya saa za mwanga. Wa kwanza uwe saa moja hivi baada ya taa kuwaka, mmea ukishaanza kunywa. Wa mwisho uwe saa moja au mbili kabla ya taa kuzimwa, ili mizizi isilale ndani ya matope. Gizani majani hupoteza maji kidogo sana, na makumbi huvumilia usiku mzima bila kumwagiliwa. Kokoto za udongo wa kuchoma hazivumilii hivyo, kwa kuwa hazishiki maji mengi: zijaze maji kisha uyaache yatoke yote, kila baada ya saa 2 au 3 mchana, dakika 15 zinatosha kila mara, na usiku zipe mzunguko mmoja.

Kinga maji yanayotoka chini na uyapime EC, yaani jinsi yanavyopitisha umeme (kwa mS/cm), kipimo kinachoonyesha wingi wa chumvi iliyoyeyuka. Kama unaweka maji ya 1.6 na yanatoka yakiwa 2.4, chumvi inarundikana: ongeza kiasi cha kila mzunguko mpaka kinachotoka kishuke. Yakitoka chini ya 1.6, mmea unakula madini haraka kuliko unavyokunywa, na mbolea iongezwe kidogo. pH (kipimo cha uchachu) ya maji unayoweka ibaki kati ya 5.5 na 6.5.

Makumbi ya pwani yanahitaji uangalifu wa pekee, maana mara nyingi hulowekwa kwenye maji ya chumvi ili kulainisha nyuzi. Yasuuze kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa mpaka yanayotoka yasome EC chini ya 0.5. Kisha yaloweke usiku kucha katika nitrati ya kalsiamu, gramu 2 kwa kila lita, na uyasuuze tena. Ukiruka hatua hii, makumbi yatanyakua kalsiamu ya mbolea, na majani machanga ya saladi yataungua kingoni.

Kuna mifumo isiyohitaji ratiba. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieneza ule wa chombo kilichofungwa kisichopitisha mwanga: saladi moja, lita 4 hivi za maji ya mbolea, bila pampu. Maji yanaposhuka, mizizi ya juu inabaki hewani na kuota vinyweleo vya kupumulia. Usijaze tena hadi juu, utaizamisha. Ikibidi kuongeza, ongeza sentimita chache tu za chini. Ziba pia kila upenyo, mbu wasitage humo.

Mfumo wa mfereji wenye utando mwembamba wa maji, ambao Allen Cooper aliuendeleza Uingereza, huendeshwa na pampu mfululizo, lita 1 hadi 2 kwa dakika katika kila mfereji, mteremko wa sentimita 1 au zaidi kwa kila mita. Hauna akiba. Umeme ukikatika mchana wa joto, mimea hulegea ndani ya saa chache, kwa hiyo palipo na mgao wa umeme chagua makumbi au chombo cha Kratky. Aliyekwisha kufunga mifereji aweke pampu ndogo ya betri, na siku ya dharura azime taa mara moja na kumimina maji ya mbolea kwa jagi kwenye mdomo wa juu wa kila mfereji, kila baada ya nusu saa.