Je, wajua? Maziwa ya Norfolk yalichimbwa kwa mikono

Ukipita kwa boti mashariki mwa jimbo la Norfolk, Uingereza, utakutana na maziwa madogo mengi yaliyozungukwa na matete: Wroxham, Ranworth, Barton, Hickling. Wenyeji huyaita Broads. Kwa muda mrefu watu, wataalamu wakiwemo, waliamini kuwa ni maumbile. Kumbe ni machimbo ya kale.

Aliyelithibitisha hilo ni Joyce Lambert, mtaalamu wa mimea aliyekulia hukohuko Norfolk. Miaka ya 1950 alitoboa matope kwa keekee ya mkono, tundu baada ya tundu, yakiwa yamekaribiana sana. Ziwa la asili kwa kawaida huteremka taratibu kutoka ukingoni. Haya yalikatika wima kama ukuta, na sakafu yake ilikuwa bapa. Vile visiwa vyembamba vilivyonyooka ndani ya maji navyo vilikuwa mabaki ya kuta zilizoachwa kati ya shimo na shimo. Mwaka 1960 yeye na wenzake, akiwemo mwanajiografia wa historia aliyepekua hati za kale, walichapisha matokeo yao. Kwangu mimi, huo ni miongoni mwa ugunduzi mzuri kabisa wa historia ya vijijini: jawabu lilikuwa chini ya boti za watu muda wote.

Walikuwa wakichimba nini? Udongo wa mboji, yaani mimea iliyorundikana kinamasini bila kuoza kabisa. Ukikatwa vipande na kukaushwa, huwaka kama kuni. Rwanda na Burundi huchimbwa mpaka leo. Karne ya 12 na 13 sehemu hii ya Norfolk ilikuwa na watu wengi na misitu michache, kwa hiyo majiko ya wanakijiji na ya watawa wa kanisa kuu la Norwich yalitegemea mboji.

Kisha bahari ikapanda. Mwaka 1287 mafuriko makubwa yaliivamia Hickling, na katika karne ya 14 mashimo yakazidi kujaa maji. Hati za mashamba zinaonyesha mabadiliko hayo waziwazi: mapato ya mboji yanapungua, ya samaki na matete yanaingia.

Leo maziwa hayo yanalindwa kwa hadhi sawa na hifadhi ya taifa. Lakini tope hujaa, matete husogea, na yasipozolewa tope, mengi yatageuka kinamasi tena.