Kuondoa jina kwenye dodoso hakutoshi kulinda siri

Mameneja wengi huamini kwamba dodoso la wafanyakazi lisipouliza jina, siri imelindwa. Sivyo. Ukiuliza idara, jinsia, umri na miaka ya kazi katika kitengo cha watu 6, majibu hayo yanamtaja mhusika waziwazi, na wafanyakazi wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana baadhi yao hujaza alama za juu kila mahali, nawe unapokea matokeo matamu yasiyo na ukweli.

Uliza tu taarifa utakazozichambua kweli. Tangaza mapema kwamba kundi lenye majibu chini ya 5, au 10 kwa maswali nyeti, litaunganishwa na jingine. Maoni ya kuandika ni hatari zaidi, kwani mtindo wa mtu humtambulisha: msimamizi wake apewe muhtasari tu.