"Unalipa mtu akusikilize tu?"

Nilipomwambia shoga yangu kwamba kila Jumanne usiku nazungumza na mshauri wa saikolojia kwa simu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Unalipa mtu akusikilize tu? Si ungekuja kwangu bure!" Tangu siku hiyo nayaokota yanayosemwa hapa Wete, Pemba, kuhusu jambo hili. Mengine uongo mtupu, mengine yana chembe ya haki.

"Ushauri nasaha ni kupewa nasaha"

Jina ndilo lililotuponza. Tukisikia ushauri tunatega masikio tuambiwe: subiri, samehe, rudi kwa mumeo. Tiba inayomweka mtu mbele, aliyoiasisi Mmarekani Carl Rogers kuanzia miaka ya 1940, haiendi hivyo. Yeye alishikilia kwamba mwenye shida ndiye anayeijua zaidi. Kazi ya msikilizaji ni kuona mambo kwa macho ya yule anayesema, kumkubali bila ya kumhukumu, na kuwa mkweli, asivae sura ya kazi.

Mimi liliniudhi hilo. Wiki ya tatu nikamuuliza mshauri wangu, "Basi nifanye nini?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Leo umesema mara mbili kwamba nyumba ya mama haina mlango. Hebu nieleze." Sikuwa nimejisikia nikisema. Chai niliyokuwa nikimimina ilijaa kikombe, ikafurika kwenye sahani, ikaingia mkekani, nami nalia. Hakunikatiza hata kwa "pole". Shoga yangu, kwa mapenzi yake yote, angekuwa keshaanza kisa chake.

"Ni ya watu wa Kidongo Chekundu"

Hospitali ile ya Unguja inatibu maradhi ya akili, na kutibiwa pale si aibu. Ila wengi wanaotafuta mshauri wanapika, wanalea, wanafungua duka asubuhi. Wana wahka, usingizi hauji, moyo unakwenda mbio, na daktari akipima haoni kitu.

"Muislamu anatosheka na dua, hayo ni mambo ya Wazungu"

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili, akaeleza huzuni, hofu, hasira na wasiwasi, na namna ya kuvitibu kwa fikra na maneno. Mzungu gani huyo?

Mshauri anayejali mila zako hakukatazi kisomo wala kombe, yaani maji yaliyooshewa aya ukayanywa. Ukimwambia una jini, hacheki, wala hakimbilii kuthibitisha. Atakuuliza lilianza lini, nyumbani kulikuwa na nini wakati ule, na nani anakuamini. Kama una dawa za hospitali, hizo usiziache bila ya kumuuliza daktari.

"Ukipata Mpemba mwenzako, basi"

Hili hata mimi niliamini. Mshauri wangu wa kwanza alikuwa wa huku huku, akawa ananimalizia maneno. "Sisi Wapemba tunajua kustahamili," akasema, na hapo nikajifunga. Wa pili ni wa Mombasa. Yeye aliuliza, "Eda mama aliikaaje, na wewe ulikuwa wapi?" Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani na mama baada ya baba kufariki, nikimpokelea wageni, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Pengine kwa kuwa kila mtu hapa anadhani anajua eda ni nini.

"Kwenye simu hakuna siri"

Hapa wasemaji wana nusu ya haki. Wezi wa mtandaoni wapo, lakini kwetu mwizi mkubwa ni nyumba yenyewe: haina dari, sauti hupita juu ya ukuta, na watoto wanaijua namba ya siri ya simu. Kwa upande wa pili, ukionekana umekaa benchi la kliniki Chake Chake, khabari zitafika Konde kabla ya wewe kurudi nyumbani.

Kwa hiyo uliza mwanzo: umesomea wapi, unachoandika unakiweka wapi, mtandao ukikatika nani anampigia mwenziwe. Vaa spika za masikioni. Picha si lazima, sauti inatosha. Mimi na mshauri wangu tuna neno letu: nikisema "bei ya karafuu", ajue mtu kaingia.

Na si kila mtu inamfaa. Anayetaka kujidhuru sasa hivi, anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au anayeishi na mtu anayempiga na kumsikiliza mlangoni, anahitaji mtu wa kumfikia kwa miguu, na hospitali. Mshauri makini huuliza siku ya kwanza uko wapi hasa, na mambo yakiharibika ampigie nani.

Mimi nilimpa namba ya shoga yangu. Bado anacheka. Ila Jumanne ikifika saa mbili usiku huja kuwachukua watoto, huwarudisha saa tatu wameshakula, na hajaniuliza nimesema nini.