Je, wajua kwa nini akili mnemba hutunga kesi ambayo haijawahi kusikilizwa?

Wanafunzi wa sheria wa Mlimani na mawakili vijana wenye ofisi Posta wanalifahamu hili. Unaiomba ChatGPT kesi ya Mahakama ya Rufani kuhusu kumtambua mtuhumiwa gizani, nayo inaleta hapohapo: majina, namba ya rufaa, mwaka, hata aya ya hukumu. Unaitafuta TanzLII, kunakohifadhiwa hukumu zetu bure mtandaoni, huioni. Haijawahi kuwapo.

Kwa nini isiseme tu haijui?

Programu hizi, zinapojibu bila kutafuta mtandaoni, hazifungui jalada lolote. Zimefunzwa kwa maandishi mengi mno kufanya kazi moja: kukisia kipande cha neno kitakachofuata. Katika kukisia huko, linaloshika upesi ni umbo la maandishi, na hakuna umbo lisilobadilika kama rejeo la kesi. Jina la mtu dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. fulani ya mwaka fulani, Mahakama ya Rufani, Dar es Salaam, kisha kwenye mabano "haijaripotiwa". Neno hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi. Maana yake ni kwamba hukumu haikuchapwa katika vitabu vya ripoti za sheria, kwa hiyo msomaji akiikosa maktaba hashangai.

Si kwamba kila kitu hubuniwa. Kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, [1980] TLR 250 (TLR ni ripoti za sheria za Tanzania), imenukuliwa katika hukumu nyingi sana zinazogusa utambuzi wa macho, na mara nyingi programu huipata sawasawa kwa sababu imekutana nayo tena na tena. Tatizo ni ile hukumu ya Mahakama Kuu iliyotajwa mara moja tu, au haikuwamo kabisa katika maandishi iliyofunzwa. Hapo linabaki umbo tupu, na programu inalijaza.

Kwamba inalijaza bila kusita kuna sababu yake. Mwaka 2025 watafiti wa OpenAI wenyewe walieleza kuwa majaribio mengi yanayotumika kuzipima programu hizi huhesabu majibu sahihi tu. Anayekiri kutojua hapati kitu. Ni mtihani wa kuchagua jibu wa kidato cha nne: mwalimu alishakwambia usiache swali wazi, tia herufi yoyote.

Waliolipia jambo hili mapema ni mawakili wa New York, katika kesi ya Mata, abiria aliyedai kuumizwa na kitoroli cha vyakula ndani ya ndege, dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Waliwasilisha mahakamani kesi sita za kubuni. Wakili mmoja alikuwa ameiuliza ChatGPT kama mojawapo ya kesi hizo ni ya kweli, ikamjibu ndiyo. Juni 2023 jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Kwangu kosa kubwa liko kwenye swali lile la pili: programu iliyokisia jibu la kwanza, la pili pia hulikisia.

Ndiyo maana kazi ya wakili mdogo imebadilika kuliko ilivyopungua. Kuandika rasimu ya hoja ni suala la dakika. Saa zinakwenda kwenye kuhakiki. Chukua namba ya rufaa, itafute TanzLII, fungua hukumu yenyewe, usome kama kweli inasema hilo. Na ukishaipata, ipakie nzima ndipo uombe muhtasari. Programu yenye maandishi mbele yake hukosea kidogo kuliko inayokisia, ingawa ukurasa iliokutajia bado ufungue mwenyewe. Kesi yenye siri za mteja usiipakie hata kidogo. Hukumu iliyokwisha kutolewa hadharani haina shida hiyo.