Waazteki Nyumbani, Shambani na Sokoni: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Jina la Waazteki likitajwa, picha inayowajia watu wengi ni moja: kuhani amesimama juu ya hekalu refu la ngazi, kisu cha jiwe mkononi, na mateka amelazwa mbele yake. Picha hiyo si uzushi mtupu, na makala haya hayakusudii kuifuta. Kasoro yake ni kwamba imechorwa kutoka sehemu moja tu ya mji, tena kwa kiasi kikubwa na watu waliokuwa na sababu zao za kuichora hivyo. Wakulima, wafumaji, wakunga, wachuuzi na wanafunzi, ambao ndio waliokuwa wengi, hawaonekani humo.

Kabla ya yote yafaa tuwatenganishe na mataifa wanayochanganywa nayo. Wamaya waliishi kusini-mashariki zaidi, katika rasi ya Yucatán na nchi ya Guatemala, na miji yao mikuu ilishamiri karne nyingi kabla ya Waazteki. Uvumi wa mwisho wa dunia uliozagaa mwaka 2012 ulitokana na hesabu ya kalenda ya Wamaya, wala Waazteki hawakuhusika nao. Wainka walikuwa mbali kabisa, katika milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Waazteki tunaowazungumzia hapa ni hasa Wamexica, wasemaji wa Kinahuatl waliojenga mji wa Tenochtitlan juu ya kisiwa katika ziwa Texcoco, mahali ambapo leo ni katikati ya Jiji la Meksiko. Kwa mapokeo yao mji huo ulianzishwa mwaka 1325. Mnamo 1428 waliungana na miji ya Texcoco na Tlacopan, wakawa wanatoza ushuru miji mingine mingi hadi mji wao ulipoanguka mikononi mwa Wahispania tarehe 13 Agosti 1521.

Dhana iliyo nzito kuliko zote ni ile ya kafara. Husemwa kwamba mwaka 1487, walipozindua hekalu kuu baada ya kulipanua, Waazteki waliwaua watu 80,400 kwa muda wa siku nne. Takwimu hiyo imo katika maandishi ya Diego Durán, mtawa wa Kidominikani aliyeandika miongo kadhaa baada ya mji kutekwa, ilhali hati nyingine ya karne hiyohiyo inataja 20,000. Hesabu ndogo inatosha kuipima: watu 80,400 kwa siku nne, mchana na usiku bila kupumzika, ni karibu watu 14 kila dakika, jambo lisilowezekana kwa njia ya kuuawa inayoelezwa na waandishi haohao. Lakini wanaorukia upande wa pili na kudai kwamba kafara zote zilibuniwa na Wahispania nao wamekosea vilevile. Kuanzia mwaka 2015, wanaakiolojia waliochimba karibu na hekalu kuu wamefukua mabaki ya jukwaa na mnara wa mafuvu, na hadi mwaka 2020 walikuwa wamehesabu mafuvu zaidi ya 600, yakiwemo ya wanawake na watoto. Ndani ya eneo la hekalu lenyewe palipatikana pia mifupa ya watoto wasiopungua 42 waliotolewa kwa Tlaloc, mungu wa mvua. Kafara zilikuwepo, zilikuwa za kutisha, na dola ilizitumia kuwatia hofu majirani. Kilichotiwa chumvi ni idadi.

Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba ibada ya mtu wa kawaida haikufanana na hiyo. Mkulima alifukiza ubani wa kopali nyumbani kwake, akachinja kware, akafinyanga sanamu za miungu kwa unga wa mbegu za mchicha, na akajitoboa sikio kwa mwiba wa mkonge ili atoe damu yake mwenyewe kidogo. Damu iliyomwagika mara nyingi zaidi katika nchi ile ilikuwa hiyo ya hiari.

Kuna nadharia iliyoenea sana mwaka 1977 na baadaye, iliyodai kwamba Waazteki waliwala mateka kwa sababu nchi yao ilikosa nyama na protini. Ni kweli kwamba nyama ya baadhi ya mateka ililiwa, lakini ililiwa kwa kiasi kidogo, katika karamu ya kidini iliyohusu jamaa za mpiganaji aliyemteka marehemu. Mpiganaji mwenyewe alikatazwa kuonja, kwa kuwa alimchukulia mateka wake kuwa mwanawe. Chakula cha namna hiyo hakiwezi kulisha mji uliokadiriwa kuwa na watu laki moja na nusu au zaidi. Isitoshe, meza yao haikuwa na njaa ya protini. Walikula mahindi pamoja na maharagwe, mbegu za mchicha na za chia, wakafuga bata mzinga na mbwa wa kuliwa, wakavua samaki na kutega bata wa ziwani, wakala aina nyingi za wadudu, na wakakusanya mwani wa kijani uliokauka kama jibini.

Hapo kwenye mahindi yafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo ujuzi wao unapoonekana wazi. Mwanamke wa Kiazteki hakuyasaga mahindi makavu. Aliyachemsha kwa maji yenye chokaa, akayaacha yalowe usiku kucha, akayaosha ili maganda yatoke, kisha akayasaga yakiwa bado na maji juu ya jiwe na kuchoma chapati nyembamba, yaani tortilla, juu ya kikaango cha udongo. Chokaa hiyo huongeza madini ya kalsiamu na hufungua vitamini ya niasini iliyofungika ndani ya punje, ambayo mtu akiikosa hupatwa na pelagra, ugonjwa unaoharibu ngozi na akili. Mahindi yalivuka bahari, yakafika Ulaya, na kwa njia ya Wareno yakafika pwani ya Afrika Mashariki, lakini ujuzi wa chokaa haukusafiri pamoja na mbegu. Matokeo yake ni kwamba maskini wa Hispania na Italia walioishi kwa mahindi matupu waliugua pelagra kwa vizazi vingi, ugonjwa ambao wenye mahindi yao hawakuwa nao. Hati iitwayo Codex Mendoza, iliyochorwa na wachoraji wa kienyeji mnamo miaka ya 1540, inaonyesha hata kipimo cha watoto katika mlo mmoja: nusu ya tortilla kwa mtoto wa miaka mitatu, moja kwa wa miaka minne, moja na nusu tangu miaka sita, na mbili kwa wa miaka 13. Hati hiyohiyo inamwonyesha mtoto mtukutu wa miaka 11 akifukizwa kwa moshi wa pilipili, kwa hiyo tusije tukadhani malezi yao yalikuwa ya kubembeleza.

Mahindi hayo yalilimwa kwa sehemu katika mashamba ya chinampa, ambayo vitabu vingi bado huyaita bustani zinazoelea. Hayakuelea hata kidogo. Mkulima alipigilia miti kwenye maji ya kina kifupi, akafuma uzio, akajaza ndani yake majani na tope la chini ya ziwa hadi tuta likawa juu ya maji, na akapanda mierebi pembezoni ili mizizi yake ishike udongo. Kati ya matuta ilipita mifereji ya mitumbwi. Kwa kuwa tope jipya lilitumika kama mbolea na maji hayakuwa mbali kamwe, shamba moja liliweza kuvunwa mara kadhaa kwa mwaka. Pengine jina la bustani zinazoelea lilitokana na wageni walioviona vitalu vya miche vikikokotwa majini. Mashamba ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Meksiko, yanalimwa hadi leo, na mwaka 1987 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Wengine hudhani kwamba mji wa namna hiyo, usio na magurudumu wala chuma, ulikuwa kijiji kikubwa kichafu. Maandishi ya Wahispania wenyewe yanakataa. Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania walioteka mji, alimwandikia mfalme wake kwamba watu zaidi ya 60,000 walikutana kila siku kununua na kuuza katika soko la Tlatelolco, ambako kila bidhaa ilikuwa na mtaa wake na mahakimu walikaa papo hapo kuamua kesi. Hata tukimpunguzia, maana alitaka kumvutia mfalme, soko linabaki kubwa. Maji safi yalikuja kutoka chemchemi za Chapultepec kwa mfereji wenye njia mbili, ili moja ikisafishwa nyingine iendelee kupitisha maji. Kinyesi kilikusanywa mitumbwini na kuuzwa, kwa kuwa kilihitajika katika kutengeneza ngozi, na nyumba nyingi zilikuwa na chumba cha kuogea kwa mvuke. Kuhusu magurudumu, watu wa eneo hilo waliyajua, kwani vinyago vidogo vya udongo vyenye magurudumu vimefukuliwa huko Meksiko. Walichokosa ni mnyama wa kukokota. Anayejua habari za wapagazi wa misafara kati ya Tabora na Bagamoyo, ambako mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, hatashangaa kwamba huko nako mizigo ilibebwa mgongoni, na palipokuwa na maji ilipakiwa mitumbwini.

Sokoni malipo madogo yalifanywa kwa punje za kakao na makubwa kwa shuka za pamba. Orodha ya bei ya mji jirani wa Tlaxcala ya mwaka 1545, ambayo ni ya baada ya utekaji lakini inafuata desturi ya zamani, inataja bata mzinga jike kwa punje 100 nzuri, parachichi lililoiva kwa punje moja, na nyanya kubwa kwa punje moja pia. Kwa hiyo kunywa kakao kulikuwa kunywa fedha, na ndiyo sababu kinywaji hicho, ambacho kilitiwa pilipili na maua wala si sukari, kilikuwa hasa cha wakuu, wafanyabiashara na wapiganaji mashuhuri.

Mashuka hayo ya pamba yanatuleta kwa wanawake. Hudhaniwa kwamba katika jamii iliyotukuza vita mwanamke hakuwa na nafasi. Siasa na ukuhani mkuu vilikuwa mikononi mwa wanaume, hilo halina ubishi, na wakuu walioa wake wengi. Hata hivyo mwanamke alirithi na kumiliki mali kwa jina lake, aliuza sokoni, na aliweza kudai talaka. Nguo alizofuma ndizo zilizolipa sehemu kubwa ya ushuru wa dola. Uzazi ulihesabiwa kuwa vita: mtoto alipozaliwa, mkunga alipaza sauti za kivita kwa kuwa mama amerudi na mateka, na mwanamke aliyefariki katika uzazi alipewa heshima sawa na mpiganaji aliyeanguka. Kitovu cha mtoto wa kiume kilikabidhiwa wapiganaji wakakizike uwanja wa vita, na cha mtoto wa kike kilizikwa nyumbani, kando ya mafiga.

Shule zao nazo zimezushiwa, safari hii kwa kusifiwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba vijana wa kiume wa tabaka zote walipelekwa shule, wa makabwela katika telpochcalli kujifunza kazi na vita, na wengi wa watoto wa wakuu katika calmecac kujifunza maandishi, kalenda na ukuhani. Ni kweli pia kwamba wavulana kwa wasichana walikwenda jioni kwenye nyumba ya nyimbo. Lakini anayesema kwamba elimu hiyo ilikuwa sawa kwa wote anasahau kwamba msichana alifundishwa zaidi na mama yake, penye jiwe la kusagia na mtambo wa kufumia.

Jiwe kubwa la duara linalouzwa katika sanamu za kitalii kama kalenda ya Waazteki halikuwa kalenda ya kusomea siku. Lilifukuliwa mwaka 1790 katika uwanja mkuu wa Jiji la Meksiko, na ni mchongo wa ibada ya jua wenye alama za siku 20 za kalenda. Hesabu zenyewe, moja ya siku 260 na nyingine ya siku 365, zilitunzwa na makuhani katika vitabu vya karatasi ya magome.

Lipo pia simulizi kwamba Moctezuma, mfalme wa Waazteki, aliwapokea Wahispania kwa kuwa alimdhani Cortés kuwa mungu Quetzalcoatl aliyerejea. Barua za Cortés hazimtaji Quetzalcoatl popote. Kinyume chake, katika barua yake ya mwaka 1520 anamnukuu Moctezuma akifunua mavazi na kumwonyesha kwamba naye ni mtu wa nyama na mfupa. Simulizi la mungu lilikomaa miongo kadhaa baadaye, na liliwafaa wote wawili: washindi walioonekana watukufu, na wana wa walioshindwa waliokuwa wakitafuta sababu ya janga lililowapata. Sababu zenyewe zilikuwa wazi zaidi. Maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala na miji mingine iliyochoshwa na vita na ushuru walijiunga na Cortés, na ndui iliyoingia mwaka 1520 ikaua watu wengi mno, akiwemo mfalme Cuitláhuac, aliyetawala kwa siku 80 hivi tu.

Mwisho kuna wanaosema kwamba Waazteki walitoweka. Kinahuatl kina wasemaji zaidi ya milioni moja na nusu nchini Meksiko. Baada ya utekaji, wasemaji wake walijifunza haraka herufi za Kilatini wakazitumia kwa mambo yao wenyewe. Wasomi wa Kinahuatl kama Antonio Valeriano wa Azcapotzalco ndio waliomsaidia mtawa Bernardino de Sahagún kukusanya vitabu 12 kuhusu maisha yao, ambamo mengi ya habari za wakunga yametoka. Wengine, wasio na umaarufu wowote, waliandikisha mashauri ya ardhi na wosia. Wosia za karne ya 16 kutoka Culhuacan, mji ambao sasa umo ndani ya Jiji la Meksiko, zimehifadhiwa, na miongoni mwa waliousia ni wanawake wanaogawa nyumba zao, vipande vyao vya chinampa, na kutaja nani bado anawadai na nani wanamdai.