Wi-Fi inakatika na kurudi: kamata kwanza mahali inapokatikia

Wi-Fi iliyokufa moja kwa moja ni rahisi kuitibu. Inayosumbua ni hii inayokatika dakika mbili, ikarudi, ikatulia nusu saa, kisha ikakatika tena katikati ya kikao cha Zoom. Ukimwita fundi, inakaa sawa mpaka aondoke. Utaratibu ninaoueleza hapa ni wa kompyuta mpakato zenye Windows 10 au 11, na nasisitiza jambo moja kuliko yote: usiguse mpangilio wowote kabla hujajua ni kiungo kipi kinachokatika.

Viungo ni viwili. Cha kwanza kinatoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta, na hicho tu ndicho Wi-Fi. Cha pili kinatoka kwenye ruta hadi kwa mtoa huduma, iwe kwa faiba, kwa laini ya 4G au kwa antena iliyo juu ya paa. Kikikatika cha pili, hakuna draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya Wi-Fi, utakayosakinisha kwenye kompyuta ikasaidia kitu.

Fungua Command Prompt, andika ipconfig, kisha tazama namba iliyo mbele ya Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa fungua madirisha mawili ya Command Prompt, uyapange kando kwa kando, na kila moja ulipe amri yake. Ping hupiga hodi mara kwa mara na kusubiri jibu: la kwanza linabisha kwa ruta (weka namba yako ya Default Gateway), la pili kwa 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti:

ping -t 192.168.1.1

ping -t 8.8.8.8

Yaache yaende huku ukiendelea na kazi zako. Siku ikikatika, yasome. Dirisha la ruta likiendelea kujibu na la 8.8.8.8 likinyamaza, kompyuta yako haina kosa; mpigie mtoa huduma. Yakinyamaza yote mawili, tatizo liko hewani, kwenye kompyuta, au ni ruta yenyewe imezima. Yakijibu yote mawili ilhali tovuti hazifunguki, tazama DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, na uache Wi-Fi ipumzike.

Namna dirisha la ruta linavyokufa nayo inasema mengi. Ukiwa karibu na ruta, majibu huja kwa milisekunde 1 hadi 5 hivi. Yakianza kupanda hadi 80, 300, 900 kabla ya kukata, hewa imejaa au mawimbi ni hafifu. Yakitoka 2 yakaangukia papo hapo kwenye General failure, kadi ya Wi-Fi imejitenga na mtandao ghafla: imezimwa kuokoa umeme, draiva imeanguka, au ruta imeitupa nje. Request timed out maana yake kompyuta ingali inajiona imeunganishwa, ila hakuna anayeijibu.

Tumia na simu kama shahidi wa pili, lakini zima kwanza data. Simu ikipoteza Wi-Fi huhamia kwenye bando kimyakimya, nawe utaapa kwamba ilikuwa nzima muda wote.

Kama simu nayo inakatika wakati uleule, ingia kwenye ukurasa wa ruta, kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, utafute palipoandikwa Uptime, yaani muda tangu ilipowaka. Ikiwa ruta imewaka dakika kumi zilizopita na hakuna aliyeizima, basi inajiwasha upya yenyewe. Mtuhumiwa wangu wa kwanza hapo ni adapta ya umeme. Ruta nyingi za nyumbani hula volti 12, nyingine 9, na adapta iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo, kisha volti zinashuka ruta inapofanya kazi nzito. Multimita haionyeshi mshuko wa nukta ya sekunde, kwa hiyo kipimo cha uhakika ni kubadilisha adapta: volti zilezile, mpangilio uleule wa chanya na hasi, na ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye ruta. Adapta ya volti 12 kwenye ruta ya volti 9 ni njia ya kununua ruta mpya. Pale umeme unapoyumbayumba, UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, inamaliza kesi nzima, mradi ampea zake zinatosha.

Ikikatika kompyuta peke yake, Windows imekwisha kukuandikia ripoti. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, uandike:

netsh wlan show wlanreport

Faili inahifadhiwa ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Windows\WlanReport kwa jina wlan-report-latest.html, nayo hubeba siku tatu zilizopita. Ifungue kwa kivinjari. Juu kuna mchoro wa vipindi vya kuunganishwa, chini kuna sababu ya kila kukatika. Usikimbilie sababu. Andika kwanza saa za kukatika kwenye karatasi, maana saa ndizo zinazomtaja mhalifu.

Ikikatika kila baada ya muda uleule, kwa mfano saa moja kamili, hapo si ukuta wala jirani. Mawimbi hayana saa mkononi. Ni kipima muda fulani. Ruta hubadilisha ufunguo wa kundi, ule unaosimba matangazo yanayokwenda kwa vifaa vyote kwa pamoja, na nyingi hufanya hivyo kila sekunde 3600. Kadi ikiwa imesinzia au draiva yake ni mbovu, haijibu kwa wakati, na ruta inaitoa. Kwenye mpangilio wa usalama wa ruta tafuta Group Key Update Interval, uirefushe kwa muda ili ujaribu: nafasi kati ya mikatiko ikirefuka nayo, umemkamata. Dawa ya kudumu ni draiva na mipangilio ya umeme, ambayo nitaifikia.

Ikikatika jioni tu, watu wakisharudi nyumbani, ni msongamano wa chaneli, yaani ruta za majirani kugombania njia moja ya hewani. Ikikatika baada ya kompyuta kuamka usingizini, au ikiwa kwenye betri tu, ni uokoaji wa umeme. Ikikatika ukihamia chumbani, ni umbali na kuta. Na ikikatika unapochomeka hadidiski ya nje, soma aya inayofuata kwa makini, kwa sababu hili ndilo wengi hawalishuku kabisa.

USB 3.0 hupitisha data kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele ya umeme inayotoka kwenye waya na kwenye soketi yake huangukia pia kati ya 2.4 na 2.5 GHz, palepale Wi-Fi ya kawaida na Bluetooth zinapokaa. Intel walitoa waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012, na mpaka leo waya za bei rahisi zisizo na kinga ya kutosha zinaendelea kuua Wi-Fi. Jaribio lake ni dogo. Washa ping ya ruta, anza kunakili faili kubwa kwenda kwenye diski ya nje, na tazama namba. Zikirukaruka wakati wa kunakili na kutulia ukichomoa, huna haja ya kutafuta zaidi. Hamia 5 GHz, masafa ya pili ya Wi-Fi kama ruta yako inayo, au tumia waya mfupi wenye kinga nzuri, au peleka diski upande wa pili wa kompyuta. Kama unatumia adapta ya Wi-Fi ya USB, usiichomeke pembeni mwa diski hiyo. Iweke kwenye waya wa nyongeza wa mita moja.

Nguvu ya mawimbi usiikadirie kwa vipau vya pale chini kwenye skrini. Andika netsh wlan show interfaces na usome mstari wa Signal. Windows huhesabu asilimia hivi: 100 ni sawa na -50 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo yalivyo na nguvu), 0 ni -100 dBm, na kati yake ni mstari ulionyooka. Kwa hiyo asilimia 66 ni -67 dBm, kiwango ninachokitaka kwa simu za video. Asilimia 60 ni -70, na hapo mambo huanza kulegalega. Asilimia 40 ni -80: ukurasa wa maandishi utafunguka, lakini mtu akipita katikati au mlango wa chuma ukifungwa, umekatika. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, zinaweza kukushusha hivyo kwa kuvuka chumba kimoja tu, na 5 GHz huumia zaidi kuliko 2.4. Humo hakuna mpangilio utakaosaidia. Vuta waya wa mtandao hadi chumba cha pili uweke kituo kingine cha Wi-Fi.

Kuhusu chaneli, kwenye 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 peke yake, na upana wa 20 MHz. Anayechagua chaneli 3 akidhani ameona uwazi anagombana na wa 1 na wa 6 kwa mpigo. Amri ya netsh wlan show networks mode=bssid inakuonyesha majirani wako wamekaa wapi. Tanuri la maikrowevu nalo hufanya kazi kwenye masafa hayohayo, kwa hiyo ikikatika kila chakula kinapopashwa, umeshajua.

Kwenye 5 GHz kuna mtego mwingine. Chaneli za 52 hadi 144 ni za kushirikiana na rada. Ruta ikisikia kitu kinachofanana na rada, ni lazima iihame chaneli mara moja, na ikihamia nyingine ya kundi hilo hutakiwa kusikiliza kwanza kwa sekunde 60 kabla ya kurusha. Wewe unachokiona ni Wi-Fi kupotea dakika nzima na kurudi bila sababu. Wanaokaa karibu na uwanja wa ndege au bandari walishuku hili mapema. Ondoa Auto, funga ruta kwenye 36, 40, 44 au 48.

Sasa ndio tunaingia ndani ya kompyuta. Fungua Device Manager, Network adapters, bofya mara mbili kadi ya Wi-Fi, nenda Power Management uondoe tiki ya Allow the computer to turn off this device to save power. Kompyuta nyingi mpya hazionyeshi ukurasa huo kabisa kwa sababu zinatumia usingizi wa aina ya Modern Standby, usihangaike kuutafuta. Pale kwenye Advanced kadi za Intel zina Roaming Aggressiveness, yaani hamu ya kadi kuhama kituo kimoja kwenda kingine. Kama una ruta na kiongeza mawimbi vyenye jina moja, na kompyuta imekaa mezani katikati yao, kadi inaweza kurukaruka huku na huku kutwa nzima. Ishushe hadi Lowest. Lakini kama unazunguka na kompyuta ghorofa hadi ghorofa, iache Medium, la sivyo itang'ang'ania kituo cha mbali mpaka kikate. Hapohapo Preferred Band iweke Prefer 5 GHz.

Draiva mpya si lazima iwe draiva bora. Kama mikatiko ilianza wiki ya sasisho la Windows, bofya Roll Back Driver kwenye ukurasa wa Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna toleo la zamani lililohifadhiwa. Chukua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, kisha ujaribu ile ya aliyetengeneza kadi. Andika namba ya toleo kabla ya kuigusa. Network reset naiacha mwisho kabisa: inafuta nywila zote za Wi-Fi ulizohifadhi na kubadilisha mambo mengi kwa pamoja, kwa hiyo hata ikipona hujui nini kimeiponya.

Wa Linux, kwenye Ubuntu mfano, hariri faili default-wifi-powersave-on.conf ndani ya /etc/NetworkManager/conf.d, badilisha wifi.powersave kutoka 3 hadi 2, uwashe upya NetworkManager. Sababu za kukatika utazisoma kwenye journalctl -k.

Kuna hali moja inayofanana na kukatika lakini siyo: alama ya Wi-Fi ipo, mawimbi ni mazuri, na ipconfig inaonyesha anwani inayoanza na 169.254. Hapo kompyuta imekosa anwani kutoka kwa ruta. Tazama kama nafasi za DHCP, huduma ya ruta inayogawa anwani, zimejaa, au kama kuna mtu aliyejiwekea anwani kwa mkono.

Yote yakishindikana, fungua mfuniko. Zima kompyuta, chomoa chaja, kisha chomoa betri kwenye ubao kabla ya kugusa chochote. Kadi ya Wi-Fi huwa na nyaya mbili nyembamba za antena, mara nyingi nyeusi na nyeupe, zinazopita kwenye bawaba hadi pembeni mwa skrini. Mmoja ukiachia, Wi-Fi haifi; mawimbi hushuka, kasi huanguka, na hukatika ukisogeza skrini. Ndiyo maana kabla ya kufungua huwa nawasha ping na kuikunja skrini polepole, kwenda na kurudi, nikitazama namba. Kichwa cha waya kibonyeze wima kwa kidole mpaka kilie; ukikisukuma kwa ubavu unapinda pini ya katikati. Vichwa hivi havikutengenezwa kwa kuchomolewa kila wiki, vinahesabiwa kwa makumi machache tu ya mara.

Kabla ya kununua kadi nyingine, azima adapta ya Wi-Fi ya USB uichomeke hapohapo mezani usiku kucha. Ikidumu ilhali ya ndani inakatika, kadi au antena ndiyo mbovu. Zikikatika zote, rudi kwenye ruta. Hakikisha pia kadi haijachomelewa kwenye ubao, na kwamba BIOS, programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, itaikubali mpya: baadhi ya kompyuta za zamani za Lenovo na HP hukataa kuwaka zikiona kadi isiyo kwenye orodha yao. Kwa hizo, adapta ya USB yenye 5 GHz, ikichomekwa kwenye soketi ya USB iliyo mbali na diski, ndiyo njia ya bei nafuu.